Mwenye Bunduki ni Nani? Lugha ya Vyombo vya Habari na Sura ya Kisauni

Utangulizi

Katika Kiswahili neno "mwenye" halina hatia wala sifa. Mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye shamba: neno hilo humtaja mtu kwa kile alicho nacho, kisha likanyamaza. Likiambatanishwa na "bunduki", hata hivyo, msikilizaji hamalizi kulisikia kabla hajaanza kuuliza ni bunduki ya nani, ya nini, na mwenyewe anatoka wapi. Majibu ya maswali hayo huwa hayatoki kwa mwenye bunduki. Hutoka redioni, gazetini na katika runinga. Wakenya walio wengi hawajawahi kuishika bastola, na wengi hawamjui jirani aliye na kibali cha kuwa nayo. Wanachokijua juu ya wenye bunduki wamekipokea kwa maneno na picha za wengine.

Makala hii inachunguza namna maneno hayo yanavyochaguliwa, na namna uchaguzi wenyewe unavyojenga sura ya mtu mwenye silaha katika fikira za umma. Eneo linalotumiwa kama mfano ni Kisauni, bara la kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Kisauni ilikuwa na watu 291,930, idadi kubwa kuliko ya kaunti ndogo nyingine yoyote ya Mombasa. Jimbo lake la uchaguzi lina wadi saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Jimbo la Nyali lilimegwa kutoka Kisauni kabla ya uchaguzi wa 2013, lakini katika mazungumzo ya kila siku mipaka hiyo haizingatiwi sana. Mtu akisikia "Kisauni" katika taarifa ya habari hafikirii ramani ya tume ya mipaka. Anafikiria kile alichokisikia mara ya mwisho jina hilo lilipotajwa.

Msingi wa uchunguzi ni uchanganuzi hakiki wa usemi, mkabala unaohusishwa na Norman Fairclough na Teun van Dijk, pamoja na kazi ya Roger Fowler ya 1991 kuhusu lugha ya habari. Wataalamu hawa wanakubaliana kwamba hakuna namna moja tu ya kulisema tukio. Kila sentensi ni uchaguzi: nani awe kiima, nani aachwe, kitenzi kiwe katika kauli gani. Mifano ya vichwa vya habari inayotolewa hapa imetungwa ili kuonyesha miundo inayozoeleka; haikunukuliwa kutoka gazeti lolote.

Bunduki mbili, sheria moja

Kabla ya kuiendea lugha, yafaa hali yenyewe ieleweke. Umiliki wa bunduki nchini Kenya unasimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Raia anaweza kuwa na bunduki akipewa cheti, na cheti hicho si haki ya kila mtu bali ni ruhusa, ambayo serikali huitoa na huweza kuifuta. Disemba 2018 serikali iliwataka wote waliokuwa na vyeti wajitokeze kuhakikiwa upya katika muda wa siku 90. Makadirio ya shirika la Small Arms Survey ya 2017 yalisema kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, na kati ya hizo ni 8,000 na ushei tu zilizokuwa zimesajiliwa.

Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni kubwa mno. Hata kama makadirio yana upungufu wake, na makadirio ya silaha za magendo hayakosi upungufu, yanaonyesha kwamba mwenye bunduki wa kisheria ni mtu adimu. Ajabu ni kwamba mtu huyu adimu ndiye anayepewa nafasi ya kuitwa "mmiliki". Neno "mmiliki" lina heshima ya mali na ya hati. Kijana wa Mtopanga anayeshikwa na bunduki haitwi mmiliki wa kitu. "Amepatikana na" bunduki, kama mtu anavyopatikana na ugonjwa. Tofauti hiyo kwa sehemu ni ya kisheria, wala hapana ubaya kuitunza. Tatizo huanza pale sarufi inapomhukumu mtu kabla ya hakimu, ilhali Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya kudhaniwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Bunduki iliyofyatuka na bunduki iliyofyatuliwa

Kiswahili kina utajiri wa kauli za vitenzi ambao lugha nyingi hazina, na utajiri huo ndio unaomfaa mwandishi wa habari anapotaka kusema jambo bila kumsema mtu. Tuchukue kitenzi "fyatua". Katika kauli ya kutenda pana mtenda: "Mshukiwa alifyatua bunduki." Katika kauli ya kutendwa mtenda aweza kutajwa au kuachwa: "Bunduki ilifyatuliwa." Ama katika umbo la "fyatuka", mtenda hana hata mlango wa kuingilia: "Bunduki ilifyatuka." Chombo kimejitenda chenyewe. Kidole kilichokuwa kwenye kilimi cha bastola kimetoweka katika sentensi, na pamoja nacho imetoweka dhima.

Msomaji makini atagundua kwamba "ilifyatuka" huelekea kuwafuata watu wenye vyeo: mfanyabiashara aliyekuwa akisafisha bastola yake, askari aliyekuwa katika purukushani. "Alifyatua" humwendea mwizi. Jirani wa "ilifyatuka" ni kirai "risasi iliyopotea", ambacho huifanya risasi ionekane kama mwana aliyeachwa na wazazi wake sokoni. Risasi haipotei. Imetoka katika mtutu wa mtu fulani, na mtoto iliyempata aliyekuwa amelala nyumbani kwao hakuipata njiani.

Januari 2020, katika kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi, mcheza santuri alipigwa risasi, na mbunge mmoja akafikishwa mahakamani kwa kisa hicho. Picha za kamera za usalama zilionwa na nchi nzima. Lililojiri kortini baadaye si hoja ya makala hii. Hoja ni kwamba mjadala ulioenea baada ya kisa hicho ulimhusu mheshimiwa huyo na siasa zake. Haukuuliza kama wabunge kwa jumla ni watu wa kuogopwa, wala hapakuwa na aliyesema kwamba wakazi wa mtaa anakoishi wachunguzwe. Mtu mwenye cheo hubeba kosa lake peke yake. Methali ya samaki mmoja akioza huwa wameoza wote haimfikii.

"Kujihami" na vitendawili vyake

Lipo neno moja ambalo wanafunzi wa Kiswahili wangepaswa kulijadili kwa kirefu zaidi kuliko linavyojadiliwa. Katika Kiswahili cha magazeti na redio za Kenya, mtu mwenye silaha "amejihami". Huandikwa: "Genge lililojihami kwa mapanga lavamia wakazi." Kuhami, kwa maana yake ya asili, ni kukinga au kulinda, na kujihami ni kujikinga. Kwa hiyo sentensi hiyo, ikisomwa kwa Kiswahili cha kamusi, inasema kwamba genge lililokuwa likijikinga liliwavamia watu. Aliyevamia ndiye aliyejilinda, na aliyekatwa mkono akitoka kazini usiku hakuwa na kinga yoyote, si ya panga wala ya neno.

Huenda mtu akadai kwamba lugha hukua, na kwamba "kujihami" kumekwisha kupata maana ya pili kwa mazoea. Dai hilo lina ukweli, kwani matumizi ndiyo yanayoijenga maana. Lakini maana ya kwanza haijafa. Bado mfanyabiashara anayeomba cheti cha bastola hueleza kwamba anataka kujihami, na hapo neno linarudi kwenye ulinzi. Matokeo yake ni kwamba kitenzi kimoja kinawahudumia watu wawili wanaopingana, na ni muktadha pekee, yaani mtaa, mavazi, umri na jina, unaomwambia msikilizaji ni nani anayejikinga kwa kweli. Lugha imelikabidhi jukumu lake kwa dhana zilizokwishajengwa vichwani. Kwa mwandishi anayejali, "genge lenye mapanga" linatosha, na ni fupi zaidi.

Yapo pia maneno ya mtaani. "Mguu wa kuku", jina la utani la bastola, limeingia hata katika taarifa za habari. Lina mzaha ndani yake, na mzaha hupunguza uzito wa chombo cha kuulia. Inafaa kuzingatiwa kwamba mzaha huo hutumiwa zaidi katika habari za wezi wadogo, ambapo mauti huwa kama kichekesho cha safu ya pembeni.

Kisauni ikiwa kiima cha sentensi

Silaha iliyoipa Kisauni jina baya si bunduki hasa, bali panga. Makundi ya vijana yaliyokuwa yakitajwa katika habari za miaka ya 2010, kama vile Wakali Kwanza na Wakali Wao, yalijulikana kwa kuwavamia watu kwa visu na mapanga. Mwishoni mwa Disemba 2016 Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Joseph Nkaissery, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kupigwa marufuku kwa magenge 90 nchini, akitumia Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010.

Maumivu ya wakazi wa Kisauni hayakubuniwa na gazeti lolote. Watu wamekatwa, maduka yamevunjwa mchana kweupe, wanawake wameogopa kwenda sala ya alfajiri au kuchukua matatu ya mapema. Stanley Cohen, aliyeeleza mwaka 1972 jinsi jamii inavyojitengenezea mashetani wake, hakusema kwamba mashetani hao hawakutenda lolote. Alisema kwamba ukubwa wa hofu na umbo lake havilingani na tendo, na kwamba vyombo vya habari hushiriki kulikuza. Stuart Hall na wenzake, mwaka 1978, walionyesha jambo hilohilo huko Uingereza: neno moja la uhalifu wa barabarani lilivyohamia kutoka kwenye tendo likawaganda vijana weusi wa mitaa fulani.

Kisauni imepitia mkondo huo. Kwanza tukio huandikwa: "Vijana wawavamia wakazi eneo la Kisauni." Hapo Kisauni ni mahali tu. Baadaye huandikwa: "Magenge ya Kisauni yarejea." Sasa Kisauni ni mwenye mali, magenge ni yake. Mwishowe husikika: "Kisauni yazua hofu." Hapa eneo lenye watu karibu laki tatu limekuwa kiima, limeshika panga, na linatisha watu. Ni vigumu kumpata katika sentensi hiyo mwalimu wa Bamburi, mvuvi, mama mwenye genge la mboga Mtopanga (na "genge" hapa ni kibanda cha kuuzia mboga, maana ambayo habari za uhalifu zinaelekea kuimeza), au kijana aliyemaliza kidato cha nne anayetafuta kazi hotelini Shanzu. Wote wamo ndani ya kiima, lakini hakuna aliyewauliza.

Gharama ya sentensi kama hiyo hulipwa kwa mambo madogo madogo. Kijana hutaja mtaa mwingine anapoulizwa anakoishi. Mwajiri husita. Askari wa doria huona kundi la watu wanne barazani na kulihesabu kuwa genge. Na kijana anapopigwa risasi, habari yake huweza kumalizika kwa sentensi moja: alikuwa mshukiwa. Neno "mshukiwa" lilibuniwa ili kumhifadhi mtu ambaye hajahukumiwa, lakini likiwekwa baada ya kifo hufanya kazi ya hukumu ambayo haina rufaa.

Lipo jambo jingine ambalo wanahabari wenyewe huligusa kwa shida, nalo ni majina. "Wakali" ni sifa ya kujitapa. Vijana walilichagua jina ili waogopwe, na kila lilipotajwa katika taarifa ya saa moja jioni walilipata walilolitaka, bila malipo. Kumnyima mhalifu jina alilojipa si kumficha. Anaweza kuandikwa kwa jina lake halisi akishafikishwa mahakamani, na kwa kosa aliloshtakiwa.

Wenye bunduki wasio na uso

Kisauni hiyohiyo imeshuhudia bunduki za namna nyingine. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, ambaye Julai mwaka huo alikuwa amewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa kwa madai ya kuwaunga mkono al-Shabaab, aliuawa kwa kupigwa risasi akiendesha gari huko Bamburi, katika barabara ya Mombasa kuelekea Malindi. Tarehe 3 Oktoba 2013 Sheikh Ibrahim Ismail aliuawa kwa risasi katika barabara hiyohiyo. Tarehe 1 Aprili 2014 Abubakar Shariff Ahmed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makaburi, alipigwa risasi nje ya mahakama ya Shanzu.

Katika taarifa za mauaji haya mwenye bunduki alikuwa "mtu asiyejulikana" au "watu wasiojulikana". Kwa mwandishi wa habari, kirai hicho ni cha uaminifu: hakujua, akasema hakujua. Baada ya kurudiwa mara nyingi, hata hivyo, kilipata maana yake Pwani. Wapo wakazi waliolisikia neno "wasiojulikana" kama jina la kundi linalojulikana, na mashirika ya haki za binadamu yakaituhumu polisi, nayo polisi ikakana. Ulinganisho na habari za panga ndio unaoumiza. Mwenye panga asiyejulikana hupewa mtaa, umri na kabila la kubahatisha. Mwenye bunduki asiyejulikana hapewi chochote. Panga lina kwao, bunduki haina.

Novemba 2014 mambo haya mawili yalikutana. Tarehe 17 polisi waliivamia misikiti ya Musa na Sakina huko Majengo, kisiwani. Usiku wa siku hiyo vijana wenye visu na mapanga waliwashambulia watu Kisauni, na watu wanne wakauawa. Tarehe 19 polisi wakaivamia misikiti ya Swafaa na Minaa, Kisauni. Wakati huo ilitawala picha ya aina ambayo kila mtazamaji wa runinga anaijua: silaha zilizopangwa juu ya meza mbele ya maafisa. Picha hiyo ni usemi kamili bila maneno. Haina mtu. Haisemi kipi kilitoka wapi, wala ni cha nani kati ya mamia ya waliokamatwa. Kwa kukosa mwenyewe, silaha zile huwa za wote: za msikiti, za mtaa, za waumini. Na ni picha hiyo, si hukumu za mahakama zilizofuata miezi mingi baadaye, iliyobaki katika kumbukumbu ya umma.

Pwani ilikuwa na kumbukumbu ya awali ya bunduki. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, maafisa sita wakauawa na bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Ghasia zilizofuata ziliwalenga wakazi waliotoka bara. Tume ya Jaji Akiwumi na ripoti ya Human Rights Watch ya 2002 zilifuatilia mkono wa siasa katika maandalizi ya ghasia hizo. Lakini maneno "wavamizi wa Likoni" yalikwisha kupita mbele ya ripoti. Jina la mahali lilikuwa limekaa katika nafasi ya mtenda.

Picha ya Westgate

Ili ionekane kwamba sura ya mwenye bunduki haitokani na bunduki yenyewe, ukumbukwe mfano wa Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia katika jengo hilo la maduka jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuingia kuokoa watu walikuwamo raia wenye bastola za kibali. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, aliyeingia kwa sababu ndugu yake alikuwa amenaswa ndani. Picha iliyopigwa na Goran Tomasevic wa shirika la Reuters, ya mtoto wa kike akimkimbilia Haji, ilizunguka dunia nzima. Haji ni Mwislamu, Mkenya Msomali, na siku hiyo alikuwa amevaa nguo za kawaida na mkononi ana bastola.

Mtu wa sura hiyohiyo, mwenye silaha hiyohiyo, akipigwa picha katika kichochoro cha Kisauni mwaka uliofuata, angesomwaje? Kilichomwokoa Haji na usomaji huo ni maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, na mtoto aliyekuwa akimkimbilia. Lakini hata sifa alizopewa zilikuwa na mtego. Ushujaa wa raia mmoja mwenye bastola uliwapa baadhi ya watu hoja kwamba raia wengi zaidi wangepewa bastola, kana kwamba picha moja ingeweza kuthibitisha sera. Sura nzuri nayo huficha mambo: gharama ya silaha na ya kibali, masharti ya kuitunza, ajali za nyumbani, na ukweli kwamba mama muuza mboga wa Mtopanga, aliye hatarini kila alfajiri, hataweza kamwe kuwa "mmiliki".

Nani azungumze

Sheria haikuviacha vyombo vya habari bila mwongozo. Ibara ya 34 ya Katiba inalinda uhuru wao, na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 inabeba kanuni za maadili zinazodai usahihi na haki. Bunge lilipojaribu, kwa sheria ya usalama ya Disemba 2014, kuzuia baadhi ya habari za ugaidi, Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo Februari 2015. Ilikuwa sawa. Dawa ya neno baya haiwezi kuwa kufunga kinywa, kwani serikali ndiyo inayonufaika zaidi na habari zisizoandikwa, na mauaji ya barabara ya Malindi yasingejadiliwa na yeyote.

Mombasa ina redio zinazotangaza kwa Kiswahili cha watu wake: Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam. Faida yao ni simu za wasikilizaji. Mkazi wa Junda akipiga simu hasemi "Kisauni yazua hofu". Husema nyumba ya jirani imevunjwa, taa ya barabarani haiwaki, kijana fulani ameacha shule, kituo cha polisi hakikupokea simu. Sentensi zake zina watenda. Wanafunzi wa isimu jamii wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuzirekodi simu hizo kwa idhini ya wasemaji, kisha kuzilinganisha, kitenzi kwa kitenzi, na taarifa ya habari ya usiku uleule kuhusu tukio lilelile. Waanze na "kujihami": wahesabu ni mara ngapi mkazi aliyevamiwa analitumia neno hilo kumsema aliyemvamia.